Polipu ya nyongo: ni milimita ngapi, na imekaaje ukutani?

Karatasi ya ekografi (kipimo cha ultrasaundi) hapa Bukavu huandikwa kwa Kifaransa, na mwenye kuipokea huisoma akiwa bado amesimama barazani. Ini, sawa. Figo, sawa. Wengu, sawa. Akifika kwenye mstari wa vésicule biliaire, yaani kifuko cha nyongo, anakutana na neno polype, na hapo hasomi tena. Hajafika hata Nyawera ameshampigia dada yake simu, na dada ameshatamka neno kansa.

Mstari huo, ukisomwa hadi mwisho, mara nyingi unasema hivi: kifuko cha nyongo kimejaa vizuri, ukuta ni mwembamba, hakuna mawe, kuna polipu moja ya milimita 4, haisogei. Hizo ni habari njema tatu na moja ya kuulizia. Na hata hiyo ya kuulizia, uzito wake hauko kwenye neno polipu. Uko kwenye milimita 4.

Kifuko cha nyongo kinafanana na avoka ndogo nyembamba iliyoning'inia chini ya ini, upande wa kulia. Urefu wake ni sentimita 7 hadi 10, na kinabeba mililita 30 hadi 50 tu, kama vijiko viwili au vitatu vya supu. Ini hutengeneza nyongo nusu lita hadi lita moja kwa siku. Kifuko huipokea sehemu yake, huikoleza kwa kunyonya maji, na huikamua kuelekea utumbo mara tu chakula chenye mafuta kinapopita tumboni. Polipu ni kinundu chochote kinachochomoza kutoka ukuta wa ndani wa kifuko hicho. Jina hilo linataja umbo peke yake. Kinundu kimetengenezwa na nini, jina halisemi, na ekografi nayo mara nyingi haisemi.

Wangapi wanayo

Kati ya watu wazima 100 wanaopimwa tumbo kwa ekografi, wenye polipu huwa kama 5. Namba zilizochapishwa zinatofautiana sana, kuanzia chini ya 1 hadi zaidi ya 9 kwa 100, kwa sababu inategemea nani amepimwa, kwa mashine gani, na nani ameshika sonda, kile kifaa kinachopitishwa juu ya tumbo. Denmark, mwaka 1990, walipata 4.6 kwa kila wanaume 100 na 4.3 kwa kila wanawake 100. Ujerumani, mwaka 2008, katika watu wa vijijini, 1.4. Taiwan, mwaka huohuo, katika watu zaidi ya 34,000 waliokwenda kupima afya bila kuumwa, 9.5.

Chukua boti ya kwenda Goma yenye abiria watu wazima 200. Kwa kadirio la 5 kwa 100, kama 10 wanavuka ziwa na polipu wasiyoijua. Watashuka, watapanda pikipiki, watazeeka, na karibu wote watakufa kwa jambo lingine kabisa.

Takwimu ninayopenda kumtajia mtu aliyekosa usingizi inatoka California. Mwaka 2020 ilichapishwa hesabu ya watu wazima zaidi ya 600,000 waliopimwa tumbo kwa ekografi. Zaidi ya 35,000 kati yao walikuwa na polipu. Walipofuatiliwa kwa miaka, kansa ya kifuko cha nyongo ilionekana kwa mtu mmoja hivi kati ya 2,000 wenye polipu. Na kwa wasio na polipu? Karibu mmoja kati ya 2,000 vilevile. Hesabu hiyohiyo ilionyesha kwamba zaidi ya nusu ya polipu ndogo ziliongezeka milimita 2 au zaidi ndani ya miaka 10, bila kugeuka kansa. Kwa hiyo kukua kidogo ni jambo la kawaida kwa polipu, na mtu aliyetoka milimita 4 hadi 5 hana sababu ya kuuza kiwanja.

Vinundu vyenyewe

Katika polipu 10, kama 6 ni za kolesteroli. Ini linapomwaga kolesteroli nyingi kwenye nyongo, utando wa kifuko huinyonya sehemu yake, na seli walinzi waliomo ukutani huimeza mpaka wanavimba kama povu. Wakikusanyika mahali pamoja wanainua utando, na kinatokea kichuguu cha njano kilichoshikwa na kikonyo chembamba. Mpasuaji akifungua kifuko cha namna hiyo huona wekundu uliotapakaa vitone vya njano, sura ya tunda la stroberi na mbegu zake. Polipu hizi huwa nyingi kwa pamoja, ndogo, mara nyingi chini ya milimita 10, na kikonyo chake ni dhaifu kiasi kwamba kinaweza kukatika. Ndiyo maana ekografi ya mwaka ujao wakati mwingine haioni kitu. Kansa hazizalishi.

Mbili au tatu kati ya 10 ni adenomiomatosi: ukuta umenenepa na kuingia ndani vijishimo vinavyonasa nyongo. Kwenye skrini vijishimo hivyo hutoa mstari mweupe unaofifia kama mkia wa nyota, na mwenye jicho lililozoea huutambua mara moja. Moja hivi ni kovu la uchochezi wa muda mrefu, hasa kwa mtu mwenye mawe. Zinabaki chache, kama 4 au 5 katika 100, ambazo ni adenoma, yaani nyama halisi iliyoota. Hizo ndizo zinazoweza kugeuka, na ndizo zinazofanya polipu zote zitazamwe kwa jicho la kuuliza.

Pengine hakuna polipu kabisa

Hili halisemwi vya kutosha. Uchambuzi mkubwa wa tafiti za ekografi uliotolewa mwaka 2018 ulikadiria kwamba ekografi ya tumbo huiona polipu kwa watu 84 kati ya 100 walio nayo, na huwaambia ukweli 96 kati ya 100 wasio nayo. Namba zinapendeza mpaka uzipige hesabu. Wapime watu 1,000, tuseme 60 wanayo. Itaonekana kwa 50 na kuwaponyoka 10. Katika 940 waliobaki, 4 kwa kila 100 wataambiwa wanayo wakati hawana: hao ni kama 38. Basi watu 88 watatoka na neno polype kwenye karatasi, na 38 kati yao, karibu wawili kwa kila watano, hawana kitu.

Wanaona nini, basi? Mara nyingi ni mkunjo wa ukuta. Kifuko kikiwa nusu tupu hujikunja kama mfuko wa plastiki uliomwagwa maji, na kila mkunjo unafanana na kinundu. Wakati mwingine ni kijiwe kilichonata ukutani, kidogo mno kiasi cha kutotupa kivuli. Au ni tope la nyongo lililoganda donge. Wagonjwa wa anemia ya SS (selimundu) hupata mawe na tope mapema, hata utotoni, kwa sababu chembe zao za damu huvunjika kwa wingi na rangi yake huishia kwenye nyongo. Kwao usikimbilie neno polipu. Minyoo ya askarisi nayo huweza kupanda mfereji wa nyongo mpaka kifukoni, ila hiyo huonekana kama bomba, na ikiwa hai inajinyonganyonga mbele ya macho yako.

Na kuna seftriaksoni. Dawa hii inatundikwa kwenye dripu kila kona ya mji, na sehemu yake hutolewa na ini kupitia nyongo. Humo inashikana na kalsiamu na kuganda kuwa punje zinazofanana kabisa na tope au mawe. Baada ya dawa kusimamishwa huyeyuka zenyewe, kwa kawaida ndani ya majuma machache. Ukiwa umetoka kumaliza dripu za seftriaksoni, mwambie anayepima kabla hajaweka jeli tumboni. Jambo hili dogo limewahi kuwapeleka watu kwenye kisu bila sababu.

Jinsi ya kupimwa vizuri

Nusu ya makosa inaanzia nyumbani. Kula chakula cha jioni kabla ya saa mbili usiku, kisicho na mafuta mengi, kisha usile tena. Muda wa saa nane bila chakula ni mzuri, wa saa sita ni wa chini kabisa. Chai ya maziwa saa kumi na mbili asubuhi inaharibu kila kitu: maziwa yana mafuta, kifuko kinajikamua, ukuta unaonekana mnene. Ukuta wa kifuko kilichojaa usizidi milimita 3. Wa aliyekunywa chai na mandazi unaweza kufika 4 au 5 bila ugonjwa wowote. Maji matupu kidogo yanaruhusiwa, na dawa ya presha imeze nayo. Usitafune chingamu, usivute sigara. Mwenye ugonjwa wa sukari aombe awe wa kwanza kwenye foleni, wala asichome insulini ya asubuhi bila kuelekezwa na anayemtibu.

Ukishalala kitandani, anayepima anatakiwa akugeuze. Akikuangalia ukiwa chali peke yake, kazi haijakamilika. Ulale kwa ubavu wa kushoto, kisha ukae au usimame. Jiwe huporomoka kuelekea chini na hutupa kivuli cheusi nyuma yake. Tope husogea polepole kama asali. Polipu inabaki palepale na haina kivuli. Wewe mwenyewe unaweza kulitazama hilo kwenye skrini, hakuna ubaya kuuliza, "Dokta, imesogea?"

Karatasi iandike mambo matano: idadi ya polipu, kipimo cha iliyo kubwa kuliko zote, kwa milimita, mahali ilipo (shingoni mwa kifuko, katikati, au chini kabisa), umbo lake, yaani ina kikonyo chembamba au imelala bapa ukutani, na unene wa ukuta hapo ilipo. Maneno "polipu ndogo" hayatoshi. Ndogo ya nani? Rudi kwa aliyepima umwombe namba, mara moja, wakati picha bado imo kwenye mashine.

Ipo pia tofauti ya mkono. Watu wawili wakipima kinundu kimoja siku moja, alama zao za +, zile zinazowekwa kwenye picha kupima, zinaweza kuachana kwa milimita 1 au 2, hasa kwa mashine ndogo za kubeba. Milimita 5 ya kliniki ya Kadutu na milimita 7 ya hospitali ya Ibanda inaweza kuwa polipu ileile isiyokua hata kidogo. Ukiambiwa urudi, rudi kwenye mashine ileile, kwa mtu yuleyule ikiwezekana, na picha za zamani mkononi.

Maswali mawili ya hatari

Mtu akiuliza "nini kinaongeza hatari?", anachanganya maswali mawili yenye majibu tofauti. La kwanza: nini kinafanya polipu itokee? La pili: nini kinafanya iliyokwishatokea iwe ya kuogopwa?

Kwa la kwanza, ushahidi ni mwembamba kuliko ule wa mawe ya nyongo. Mawe tunayajua vizuri: wanawake kuliko wanaume, uzazi wa mara nyingi, unene, kukonda kwa haraka. Polipu haifuati njia hiyo moja kwa moja. Katika tafiti nyingi za Asia wanaume ndio wanaozidi. Kule Denmark wanaume na wanawake walikuwa karibu sawa. Kinachojirudia mara kwa mara ni mafuta ya tumboni na vinavyoandamana nayo: kiuno kipana, ini lenye mafuta, kolesteroli mbaya iliyopanda na nzuri iliyoshuka, sukari inayoanza kupanda. Inaeleweka, maana polipu nyingi ni kolesteroli tupu iliyomezwa na seli. Umri nao huchangia: kwa watoto polipu ni nadra, na huonekana zaidi kwa watu wa makamo.

Homa ya ini B inatajwa katika tafiti za China na Taiwan: wenye virusi hivyo walikutwa na polipu zaidi ya wasio navyo. Kwetu hilo lina maana ya ziada, kwa kuwa virusi hivi viko kwa wingi nchini. Kupima antijeni ya HBs, alama ya virusi hivyo, ni tone la damu na kusubiri dakika chache. Sisemi upime kwa sababu ya polipu. Pima kwa sababu ya ini lako. Karatasi ya ekografi iwe kisingizio tu. Ukiwa huna virusi, chanjo ya mtu mzima ni sindano tatu: leo, baada ya mwezi mmoja, na mwezi wa sita. Watoto huipata ndani ya chanjo ya pentavalenti kwenye juma la 6, la 10 na la 14.

Yapo pia magonjwa machache ya kurithi yanayootesha polipu mwilini, kama ule wa Peutz-Jeghers, ambao humpa mtu madoa meusi midomoni tangu utotoni na vinundu kwenye utumbo. Ni nadra. Ukiwa nayo, huenda familia yenu inajua tayari kuna kitu.

Mawese hushtakiwa kila siku. Mafuta ya mawese hayana kolesteroli, kama mafuta yote ya mimea, lakini karibu nusu yake ni mafuta ya aina inayoganda, na hiyo hupandisha kolesteroli mbaya kwenye damu. Basi sombe (kisamvu) iliyoungwa kwa kijiko kimoja si sawa na sombe inayoogelea. Pilipili, kasiksi (pombe ya ndizi), hasira, kulala kwa ubavu wa kulia: hakuna ushahidi kwamba vinaotesha polipu. (Kasiksi ina kesi zake nyingine kwenye ini, lakini siyo hii.) Na anayesikia neno kiuno kisha akaanza kujinyima kula afahamu kwamba kukonda zaidi ya kilo moja na nusu kwa juma kunaleta mawe ya nyongo. Utakuwa umekimbia mvua ukaingia ziwani.

Kwa swali la pili majibu ni imara zaidi. Ukubwa unatangulia: kansa ni nadra sana kwenye polipu ya chini ya milimita 6, na hatari hupanda kuanzia milimita 10. Halafu umbo: iliyolala bapa, au ukuta ulionenepa zaidi ya milimita 4 mahali pamoja, inatia shaka kuliko iliyoning'inia kwa kikonyo chembamba. Umri zaidi ya miaka 60. Ugonjwa wa mifereji ya nyongo kukakamaa na kujaa makovu, ambao huandamana na vidonda vya utumbo mpana. Na asili ya Asia, kwa sababu kansa hii imeenea zaidi katika baadhi ya nchi zao, hasa kaskazini mwa India. Zingatia kwamba polipu nyingi ndogo zina uzuri wake: zikiwa tano au sita, zote za milimita 3, huelekea kuwa za kolesteroli. Ile moja iliyo peke yake na kubwa ndiyo ya kuitazama.

Milimita na tarehe

Mwongozo wa vyama vya Ulaya, ulioandikwa upya mwaka 2022, unaenda hivi. Milimita 10 au zaidi: kifuko kitolewe, kama mtu anaweza kustahimili upasuaji. Milimita 6 hadi 9 na una lolote kati ya yale manne (zaidi ya miaka 60, mifereji iliyokakamaa, asili ya Asia, polipu bapa): kitolewe pia. Milimita 6 hadi 9 bila lolote kati ya hayo: ekografi baada ya miezi 6, kisha mwaka mmoja, kisha miaka miwili, basi. Milimita 5 au chini na una mojawapo: ratiba hiyohiyo. Milimita 5 au chini na huna hata moja: hakuna ufuatiliaji. Nasisitiza hili la mwisho, maana ndilo linalowahusu wengi wanaosimama barazani na karatasi mkononi. Mama wa miaka 38 mwenye polipu ya milimita 4 yenye kikonyo hahitaji kurudi kila miezi mitatu kulipia picha. Ikiongezeka milimita 2 au zaidi ndani ya miaka hiyo miwili ya ufuatiliaji, waganga wanakaa upya kuangalia ukubwa ilioufikia pamoja na yale manne. Ikitoweka, kazi imekwisha.

Waamerika, katika maafikiano yao ya mwaka huohuo, ni wapole zaidi. Yenye kikonyo chembamba, inayoonekana kama mpira uliogusa ukuta, hawaifuatilii mpaka milimita 9, wanaifuatilia ikiwa 10 hadi 14, na wanamwita mpasuaji kuanzia 15. Kukua kunakowashtua ni milimita 4 au zaidi ndani ya miezi 12. Kwa hiyo wenye polipu ya milimita 11 yenye kikonyo watapata majibu mawili kutoka kwa waganga wawili wazuri, na hakuna anayedanganya. Naona kwa mtu anayeishi kijiji cha mbali, ambaye kurudi baada ya miezi sita ni safari ya siku mbili kwenye matope, njia ya Ulaya ina mantiki zaidi.

Maumivu

Polipu ndogo kwa kawaida haiumi. Anayewaka moto chini ya kifua akiwa na njaa na kupata nafuu akila, ugonjwa wake uko tumboni kwenyewe: vidonda, bakteria ya pilori. Polipu imeonekana kwa bahati tu, kama vile fundi aliyeitwa kwa ajili ya bomba anapokuonyesha ufa wa ukutani. Ukitoa kifuko kwa ajili ya maumivu hayo, utatoka na kovu na maumivu yaleyale.

Maumivu ya nyongo yana tabia yake. Yanakaa upande wa kulia chini ya mbavu au katikati juu, yanapanda na kudumu nusu saa hadi saa kadhaa, yanachoma hadi kwenye bega la kulia, na hupenda kuja usiku au baada ya mlo wa mafuta. Polipu iliyokatika kikonyo ikaziba njia inaweza kuyaleta, ingawa mawe ndiyo hufanya hivyo mara nyingi. Macho kuwa ya njano, mkojo kama kokakola, choo cheupe, homa na kutetemeka: hayo hayasubiri kesho.

Mchanganyiko wa mafuta ya zeituni na ndimu unaouzwa kama dawa ya kusafisha nyongo hauiondoi polipu, kwa kuwa polipu imeota ukutani. Vijiwe vya kijani vinavyotoka kwenye choo asubuhi ni sabuni: mafuta na juisi ya ndimu vimeshikana ndani ya utumbo. Viweke juani, vitayeyuka. Jiwe halisi la nyongo haliyeyuki juani.

Kifuko kikitolewa

Hutolewa kizima; polipu haing'olewi peke yake ikaachwa nyumba yake. Panapo kamera, mpasuaji huingia kwa matundu madogo matatu au manne, na mtu hurudi nyumbani baada ya siku moja au mbili. Panapokosekana, hukatwa chini ya mbavu na kulazwa siku zaidi. Hatari kubwa ni kuumiza mfereji mkuu wa nyongo, jambo linalotokea kwa chini ya mtu mmoja kati ya 100, lakini likitokea linabadilisha maisha. Baadaye nyongo hutiririka moja kwa moja kutoka kwenye ini, na wengi hula kama zamani. Wachache huharisha wakila mafuta mengi.

Kosa linaloniudhi kuliko yote hutokea baada ya mshono wa mwisho. Kifuko kinaonyeshwa ndugu kwenye beseni, wanapiga picha, kinatupwa. Umekipasua chote kwa ajili ya kujua kinundu ni nini, halafu umetupa jibu. Kabla ya siku ya operesheni, familia iulize nani atakipeleka maabara ya anatomopatolojia, inayochunguza nyama kwa darubini, na kwa gharama ya nani. Kiwekwe kwenye chombo chenye mdomo mpana na formalini (dawa ya kuhifadhi nyama) ya asilimia 10, ujazo wa dawa mara 10 ya kifuko. Kisiwekwe kwenye maji ya chumvi, wala kwenye chupa ya mdomo mwembamba ambayo kitu kikishakakamaa humo hakitoki tena bila kuvunjwa. Chombo kiandikwe jina, tarehe na neno polipu, na kisikae siku nyingi kikisubiri gari, kwani formalini hukakamaza seli zikikaa mno.

Picha ya ekografi yenyewe huchapishwa kwenye karatasi ya joto, aina ileile ya risiti za dukani. Ukiiacha kwenye dirisha linalopigwa na jua, au ndani ya plastiki jikoni, baada ya miezi sita inaweza kuwa imefifia kabisa, na hiyo ndiyo siku unayoihitaji. Ipige picha kwa simu jioni ileile, mahali penye mwanga, mpaka jina, tarehe, na zile alama mbili za + na namba iliyo pembeni yake vionekane.